Wali wa Kukaanga wa Kichina Unapoharibika: Dalili, Sababu na Tiba Zake

Wali wa kukaanga wa Kichina hukamilika ndani ya dakika sita au saba tangu mafuta yaingie karaini, na kwa sababu ya ufupi huo wapishi wengi huamini kwamba kosa lao limefanyika ndani ya dakika hizo. Kwa kawaida sivyo. Kosa limeshafanyika saa kadhaa nyuma, pale mchele ulipopimiwa maji au wali ulipofunikwa ukiwa bado wa moto, na karai limekuja tu kulidhihirisha. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na wali wenyewe kabla ya kugusa jiko, na chini ya kila dalili sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi hadi ile ya nadra.

Vipimo vinavyotajwa ni vya mlo wa watu wawili: gramu 400 za wali uliokwisha kupikwa, ambazo hutokana na takriban gramu 150 za mchele mkavu, pamoja na mayai mawili na vijiko vikubwa viwili vya mafuta. Chombo ni karai la Kichina lenye upana wa sentimita 30 hadi 35, au kikaango kipana chochote chenye kitako kizito.

Wali umekuwa bokoboko, au umeshikana madonge

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote, na sababu yake kuu, inayozizidi nyingine kwa mbali, ni unyevu uliobaki juu ya punje. Mchele unapochemka hufyonza maji na kuvimba, na sehemu ya wanga wake, hasa ule uitwao amilosi, huvuja na kutanda juu ya punje kama gundi. Wali unapopoa, wanga huo hujipanga upya na kukaza, huku maji ya juu yakipotea hewani, hivyo punje inakuwa imara na haishiki jirani yake. Mabadiliko hayo huenda kwa kasi zaidi katika baridi ya jokofu, karibu nyuzi joto 4 za Selsiasi, na hiyo ndiyo sababu kiporo kinasifiwa sana kwa upishi huu.

Kabla ya kuwasha jiko, chukua donge dogo la wali uliokusudia kuukaanga, ulisugue taratibu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Likiachana punje nzima nzima na vidole vikabaki vikavu, wali uko tayari. Likipondeka na kuacha utando mweupe unaonata vidoleni, usiutie karaini bado, kwa maana hakuna moto wa nyumbani utakaouokoa. Utandaze kwenye sinia pana, kwa unene usiozidi sentimita 2, mbele ya feni au penye upepo, kwa dakika 15 hadi 30, na uugeuze mara moja katikati. Kisha rudia kipimo cha vidole.

Hapa napenda kusisitiza jambo ambalo limewakatisha tamaa watu wengi bila sababu: si lazima wali uwe wa jana. Wali uliopikwa leo, ukatandazwa mara tu baada ya kuiva na kuachwa utoe mvuke wake wote, hukaangika vizuri sana, na mara nyingi huwa laini zaidi ndani kuliko kiporo. Kinachoharibu ni kuufunika ukiwa wa moto. Funua chombo cha namna hiyo baada ya robo saa, utazame upande wa chini wa kifuniko: matone yaliyoning'inia pale yametoka kwenye wali, na kila unapokitikisa chombo yanarudi kwenye wali uleule.

Ikiwa tatizo linakurudia kila mara licha ya kuutandaza, rudi nyuma zaidi hadi kwenye sufuria. Unapopika wali ambao mwisho wake ni karaini, punguza maji kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya yale unayotia siku zote, kwa sababu kidogo cha unyevu kitakuja baadaye kutoka kwenye mayai, mboga na sosi ya soya. Osha mchele mara mbili au tatu mpaka maji yakaribie kuwa safi, ili unga wa wanga uliobaki juu ya punje uondoke kabla haujawa gundi.

Sababu ya pili ni kujaza karai kupita uwezo wa jiko. Kugeuza gramu 100 za maji yaliyokwisha kuchemka kuwa mvuke kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 226. Jiko la gesi la nyumbani lenye nguvu ya kilowati 3, ambalo chini ya nusu ya joto lake ndilo linaloingia karaini, litahitaji zaidi ya dakika mbili na nusu kwa kazi hiyo peke yake, na muda wote huo wali unatokoswa, haukaangwi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikadiria kwa macho, na siku nilipoleta mizani jikoni niliona kwamba nilikuwa natia karibu kilo nzima ya wali kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo sizidishi gramu 400. Familia ikiwa kubwa, ninakaanga mara mbili au tatu mfululizo, na kila mkupuo unachukua dakika chache tu.

Tatu, huenda karai halikupata moto wa kutosha. Sikiliza wali unapoingia: unapaswa kulia papo hapo, tena mlio huo usizimike unapogeuza. Ukiingia kimya, karai lilikuwa vuguvugu.

Aina ya mchele nayo ina mchango wake, ingawa ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mchele wa punje ndefu huchambuka kwa urahisi. Mchele wa punje fupi hushikana zaidi, lakini ukitandazwa vizuri bado unafaa. Ule mchele unaonata kwa asili, ambao wanga wake karibu hauna amilosi kabisa, haufai kwa njia hii, na mpishi asijilaumu ukimshinda.

Ukigundua kosa wakati wali tayari uko karaini, acha kwanza kuukoroga, kwa sababu kila mzunguko wa mwiko unavunja punje na kutoa wanga zaidi. Ondoa nusu yake uiweke kando, ongeza moto hadi mwisho, tandaza nusu iliyobaki ienee karai zima, usubiri kwa sekunde 30 bila kuigusa, ndipo uigeuze. Madonge yavunje kwa kuyagonga kwa ukingo wa mwiko bapa, wala usiyakandamize kwa mgongo wake, maana donge lililokandamizwa hugeuka kuwa kibao. Wali ambao punje zake zimeshapondeka hauwezi kurudi. Uongezee mchuzi wa kuku, uuchemshe taratibu uwe uji mwepesi wa mchele, mlo ambao Wachina nao wanauthamini sana, kisha uanze upya na wali mwingine.

Wali unashika chini ya karai

Mara nyingi kinachokosekana ni joto kabla ya mafuta. Karai la chuma lipashwe moto likiwa tupu, ndipo mafuta yafuate. Dondosha tone moja la maji kabla ya mafuta: likitanda na kuchemka palepale, bado, likijikusanya na kukimbiakimbia kama shanga juu ya chuma, joto limefika. Tone likauke kabisa kabla hujatia mafuta, kwa sababu maji na mafuta ya moto hurushiana. Baada ya hapo zungusha mafuta yapande hadi kingoni, kwa kuwa wali hupanda huko pia.

Uchache wa mafuta ndio unaofuata. Wapo wanaotaka kutumia kijiko kidogo kimoja kwa gramu 400, na ninaielewa nia yao, lakini kwenye karai la chuma kiasi hicho hakitoshi kuzipaka punje zote. Tumia mafuta yaliyosafishwa yanayostahimili joto kali, kama ya karanga, ya alizeti au ya soya, ambayo huanza kutoa moshi karibu nyuzi joto 230. Mafuta ya ufuta uliokaangwa ni kiungo cha harufu. Yatie matone machache baada ya kuzima moto.

Ukoko mwembamba wa rangi ya hudhurungi si kosa. Ukikwanguliwa kwa mwiko bapa wa chuma ukiwa bado mwembamba, hurudi kwenye wali na kuuongezea utamu. Ukoko mweusi ndio wa kuogopwa: usiukwangue, bali hamisha wali wa juu kwenye chombo kingine na uache ule wa chini.

Ikiwa karai linashika hata pale joto na mafuta vinapotosha, tabaka lake la kinga limeondoka, pengine kwa kusuguliwa kwa sabuni kali au kulowekwa usiku kucha mpaka likapata kutu. Lisugue kutu yote iishe, ulioshe, ulikaushe juu ya moto, kisha lipake mafuta kidogo mno kwa kitambaa, kiasi kwamba linaonekana kama limefutwa tu. Lipashe moto mpaka moshi ukome, uache lipoe, na urudie mara tatu au zaidi huku madirisha yakiwa wazi. Chuma kitageuka rangi kuwa cheusi chenye kung'aa, na huko ndiko kukomaa kwake.

Maagizo hayo yasifuatwe hata kidogo kwa kikaango chenye utando usioshika. Utando huo huanza kuharibika unapovuka takriban nyuzi joto 260, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika hapo ndani ya dakika chache. Moshi wake hudhuru mapafu ya binadamu na huweza kuua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba. Ukiwa na chombo hicho pekee, tumia moto wa wastani, tia mafuta tangu mwanzo, na uridhike na wali usio na harufu ya moshi.

Punje ni ngumu

Ng'ata punje moja katikati, uitazame mahali ilipokatika. Ukiona kitone cheupe kama chaki ndani yake, wali haukuiva sufuriani. Una kiini, na kukaanga hakuivishi kiini. Urudishe sufuriani, unyunyizie maji vijiko vikubwa vitatu au vinne, ufunike kwa moto mdogo kwa dakika kumi, kisha uutandaze upya upoe.

Ikiwa punje ina rangi moja hadi ndani lakini imekaza, huo ni ukavu wa jokofu. Wanga uliokaza kwa baridi hulegea tena unapopata joto pamoja na unyevu kidogo. Vunja madonge kwa mikono iliyoloweshwa kabla ya kukaanga; kisha wali ukiwa karaini, nyunyizia kijiko kikubwa kimoja cha maji kuzunguka kingo, ufunike kwa sekunde 30, ufunue na uendelee kukaanga. Siku nyingine uhifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mara tu unapokuwa umepoa, badala ya kuuacha wazi usiku mzima.

Mayai yanapotea ndani ya wali, au yanakuwa kama mpira

Mayai yanapopotea na kuacha wali ukiwa umelowa na rangi ya manjano hafifu, kwa kawaida yamemiminwa juu ya wali kabla hayajashika. Yakaange kwanza peke yake kwenye mafuta ya moto, uyakunje kwa mwiko, na uyatoe yakiwa yameiva robo tatu, bado yana mng'ao. Yarudishe dakika ya mwisho, yatamalizia kuiva kwa joto la wali. Mayai yaliyoachwa karaini tangu mwanzo hadi mwisho ndiyo yanayokuwa mpira, kwa sababu protini zake hukaza na kukamua maji yote.

Ipo namna nyingine inayosifiwa katika upishi wa Yangzhou, mji ulioko mkoa wa Jiangsu, ambapo kila punje huvikwa yai, na hali hiyo hufananishwa na dhahabu iliyoifunika fedha. Inapendeza sana, lakini inadai wali mkavu mno. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza atumie viini viwili tu vya mayai kwa gramu 400, avichanganye na wali uliopoa mpaka kila punje ipate rangi, kisha aukaange bila kusimama mpaka yai lishike lote. Yai lisiachwe bichi kwa ajili ya uzuri wa rangi, hasa mlo ukiwa wa mtoto, mjamzito au mgonjwa.

Wali ni chapwa, chumvi imezidi, au rangi ni nyeusi

Wali ukiwa chapwa, tazama kwanza chumvi ya kawaida. Sosi ya soya pekee haiwezi kukoleza gramu 400 za wali bila kuulowesha, hivyo nusu ya kijiko kidogo cha chumvi laini, ikinyunyizwa mapema na kuenezwa vizuri, hufanya kazi ambayo sosi haiwezi. Sosi yenyewe, kijiko kikubwa kimoja tu, imiminwe kwenye chuma cha moto kuzunguka kingo za karai, wala isimiminwe juu ya wali. Pale inapogusa chuma hutoa povu, harufu yake hubadilika papo hapo kuwa ya kukaangwa, na maji yake mengi hupaa kabla ya kufika kwenye punje. Wanaokosa ule utamu mzito wa vyakula vya Kichina hukosa glutamati, kiungo ambacho mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alikitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1908. Robo ya kijiko kidogo inatosha, na ukiitumia punguza chumvi.

Chumvi ikizidi, dawa pekee ya kweli ni kuongeza wali usio na chumvi au yai lingine. Sukari huificha tu ulimini. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, yaani mililita 15, huwa na takriban miligramu 900 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku, kwa hiyo anayemimina bila kupima anaweza kuuvuka mpaka huo kwa sahani moja.

Rangi nyeusi hutokana na sosi nzito iliyokolezwa, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya rangi. Matone machache yanatosha, na wali wa Yangzhou kwa desturi hubaki mweupe na manjano bila kuihitaji.

Sosi nyingi za soya zina ngano ndani yake, na mlo huu mara nyingi una mayai na kamba, vyakula ambavyo baadhi ya watu miili yao huvikataa. Mlaji akivimba midomo au ulimi, akipata vipele ghafla au akishindwa kupumua, mpelekeni hospitali mara moja bila kusubiri kuona kama hali itatulia.

Mboga na nyama zinatoa maji

Kaanga kila kitu peke yake, ukitoe, na uvikutanishe mwishoni. Njegere na karoti zilizogandishwa ziyeyushwe kwanza, zichujwe na zikaushwe kwa kitambaa safi. Kamba nao wapanguswe mpaka wasiache alama ya maji. Kitunguu saumu na tangawizi huungua ndani ya sekunde chache, hivyo vitangulie wali kwa sekunde 15 tu. Majani ya vitunguu yaingie karaini baada ya moto kuzimwa.

Harufu ya moshi ya mgahawani haipatikani

Wakantoni, Wachina wa kusini, wana jina la harufu hii, wok hei, yaani pumzi ya karai, na wapishi wengi wa nyumbani huihangaikia kuliko inavyostahili. Majiko ya mgahawa yana nguvu mara kadhaa kuliko ya nyumbani, na mpishi hurusha wali hewani ili usiungue juu ya moto huo. Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia nchini Marekani, katika makala waliyochapisha mwaka 2020, walipima mirusho hiyo na kukuta inafanyika kwa mwendo wa takriban mara 2.7 kwa sekunde.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaiga kurusha bila kuwa na moto unaoulazimisha. Jiko la nyumbani ni dhaifu, na kila karai linapoinuliwa linapoteza joto; jiko la umeme la sumaku (induction) hata hujizima. Fanya kinyume chake: liache karai limetulia juu ya moto mkubwa kabisa, tandaza wali, subiri kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka punje za chini zianze kurukaruka na kutoa harufu ya kuchomeka, geuza, tandaza tena. Rudia mara nne au tano. Bega lako nalo litashukuru, maana karai zito lililojaa si chombo cha kuinuliwa kwa mkono mmoja na mtu asiyezoea.

Usijaribu kuipata harufu hiyo kwa kuingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu wengi waliokuwa wakipika au kulala karibu nayo.

Kiporo kinanuka, kinateleza, au hukumbuki kimekaa wapi

Dalili hii haina tiba jikoni. Wali uliochacha, unaoteleza au unaovutika kama utando, utupwe. Lakini hatari kubwa zaidi iko kwa wali usioonyesha dalili yoyote. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha spora, yaani mbegu zake ngumu, kwenye mchele mkavu, nazo hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa joto la kawaida kwa saa nyingi, spora hizo huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutengeneza sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na joto la kupikia. Imani kwamba moto mkali wa karai unasafisha kiporo si sahihi: unaua bakteria, sumu inabaki.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili kabla ya kuwasha jiko. Je, wali huu uliingia jokofuni ndani ya saa moja baada ya kuiva, au zikizidi sana mbili? Je, umekaa humo chini ya siku moja? Mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza inashauri wali upozwe ndani ya saa moja na uhifadhiwe jokofuni kwa muda usiozidi saa 24 kabla ya kupashwa. Jibu likiwa hapana, au likiwa sina hakika, tupa. Najua inauma kutupa chakula, na ndiyo sababu nimeeleza hapo juu kwamba wali wa leo uliotandazwa unatosha kabisa. Hakuna ladha ya kiporo inayostahili kuhatarisha mlaji. Ukishaukaanga, usiupashe tena mara ya pili.

Kutapika kwa sumu hii huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na ile aina ya kuharisha, inayoletwa na bakteria huyohuyo, huanza kati ya saa sita na kumi na tano. Wengi hupona ndani ya siku moja kwa kunywa maji ya kutosha. Nenda hospitali ikiwa mgonjwa anashindwa kubakiza hata maji tumboni, ana damu kwenye choo, anachanganyikiwa, macho yake yanageuka manjano, hali inazidi siku moja, au mgonjwa ni mtoto mdogo, mzee au mjamzito.

Moshi mwingi, mafuta yanawaka, au moto wa gesi una rangi ya ajabu

Moshi mwembamba juu ya mafuta ni wa kawaida kwa sekunde chache na unamaanisha wali uingie sasa. Moshi mzito wa buluu unaochoma macho unamaanisha mafuta yamepita kiasi: zima jiko, acha karai lipoe lenyewe, mwaga mafuta hayo, anza upya.

Mafuta yakishika moto, zima jiko ikiwa unalifikia bila kupitisha mkono juu ya miali, funika karai kwa kifuniko cha chuma kinacholingana nalo, na ukiache hapo mpaka lipoe kabisa. Usiinue karai kulipeleka nje. Usimwage maji kamwe, kwa kuwa maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kutanuka takriban mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Moto usipozimika mara tu baada ya kufunikwa, au ukishika pazia au kabati, toa watu wote nje, funga mlango wa jikoni na uwaite zimamoto. Aliyeungua apoze jeraha kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupaka mafuta wala dawa ya meno, na aende hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake au liko usoni, mikononi au kwenye maungio.

Moto wa gesi wenye afya ni wa buluu na umesimama. Ukiwa wa manjano, unayumba na kupaka masizi chini ya karai, gesi haiungui yote, jambo linalopunguza joto na tena huzalisha kaboni monoksidi. Jiko likiwa limepoa, toa vichwa vyake, uvisugue kwa brashi na uzibue vitundu vilivyozibwa na wali uliomwagika, kwani mara nyingi ndiyo sababu pekee. Rangi isipobadilika baada ya usafi huo, usifungue vali wala regyuleta mwenyewe. Acha kulitumia mpaka fundi wa gesi alikague. Ukipika huku kichwa kinauma na kizunguzungu kinakushika, zima jiko, toka nje upate hewa safi, na uende hospitali.

Ukisikia harufu ya gesi, funga vali ya mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usitumie simu humo ndani, na utoke na wote waliomo. Ikiwa unashuku tu kwamba maungio ya mpira yanavuja, yapake povu la sabuni jiko likiwa halijawashwa na vali ikiwa wazi. Vipovu vikitokea na kukua, funga vali, na jiko hilo lisiwashwe tena mpaka fundi abadilishe mpira na kuujaribu mbele yako kwa povu hilohilo.